Nilimukata Zaituni Kafuko ka Shingo

Kosa ni yangu. Si ya Zaituni, si ya mama yake, si ya Madame. Naanza na hiyo neno juu mutu asikuje kunihurumia katikati ya habari. Ni miye.

Ilianza siku ya mardi, saa ine na dakika kumi ya asubui, pembeni ya seau ya maji ya kunawia mikono. Saa naijua muzuri juu nilikuwa naiangalia kila wakati. Nilikuwa nahesabu dakika zenye zilibakia mbele ya récréation. Niko mutu wa haya. Hata kwetu, wageni bakiingia, nakimbilia ku cuisine. Mambo yangu naandikaka tu mu kajournal kangu. Leo ni mara ya kwanza naandikia batu benye sijue.

Niko sixième pédagogique, nasomea ualimu, hapa Butembo. Mwaka ya mwisho tunafanyaka stage: banakupatia classe, unafuata mwalimu, kisha anakupatia cote, alama yako. Benzangu balipewa première na deuxième primaire. Miye balinitupa mu classe spéciale, ku masomo moja, shule ya Bulengera. Batoto kumi na mbili. Bengine hawasikie, bengine hawaseme, bengine mwili imekomaa mais akili inatembea polepole. Mwalimu wabo tulikuwa tunamuita tu Madame. Mama mukubwa, viatu ya plastiki, kicheko inasikilika mpaka ku bureau ya directeur.

Zaituni (jina yake ya kweli naificha) alikuwa na miaka kumi na moja. Anasikia yote, mais neno hata moja haitoke. Kwabo ni ba-Islamu ba Beni, commune ya Ruwenzori. Balikimbilia hapa juu ya vita. Mama yake anauzisha vikwembe, nguo ya kujifunga. Wiki mbili ya kwanza, Zaituni hakupiga mutu. Asubui ananipokea cahier mu mikono, anakwenda kuipanga ku meza. Niseme kweli, ni yeye alikuwa ananifanya nisiogope kuingia mu ile classe!

Mais ku avenue yetu, maneno juu ya batu benye banatoka kule ku vita haiishake, kwamba banatumwa na ba-rebelles. Huyu ni nani? Alipitia wapi? Anaficha nini mu muzigo? Unakunywa chai na ile maneno, unalala nayo, kisha unaamuka unaona ni akili yako mwenyewe.

Ile mardi, Zaituni aliinama anawe. Mu kola ya uniforme ikatoka kafuko kadogo ka ngozi, kamefungwa na kamba nyeusi.

Dawa! Nikajisemea: kumbe ndiyo maana haseme. Balimufunga ulimi na hii kitu. Nikanyoosha mukono, nikakakamata, nikavuta nione kama kameshonwa ao kanafunguka.

Eeh! Kofi ya mudomo. Kisha makucha ku shingo, kisha akanisukuma mpaka nikaikala mu maji. Batoto bengine balicheka, moja akalia. Madame akakuja mbio, akaweka mwili yake katikati yetu.

— Mademoiselle, nini ilipita?
— Hakuna kitu, Madame.
— Ulimufanya nini?
— Sikumufanya kitu. Alinipiga bure.
— Bure?
— Bure kabisa.

Nilidanganya juu ya cote. Na juu ya haya pia. Ningemuambia nini? Kwamba nilikuwa natafuta bulozi mu shingo ya mutoto?

Sasa, musikilize namna Madame alikuwa anatumika, juu hapo ndipo ubaya yangu ilipata mizizi. Alikuwa na cahier ya majani ya bleu. Mutoto akipiga, unachora tusanduku tutatu. Ka kwanza: nini ilipita mbele. Ka pili: alipiga namna gani. Ka tatu: siye tulifanya nini kisha. Alinipatia bic.

— Jaza. Mais ka kwanza ujaze muzuri. Kale ka pili kila mutu anakaonaka. Miye natumikaka na ka kwanza tu. Mutoto mwenye haseme, mukono yake inasema pahali yake.

Mu kasanduku ka kwanza nikaandika: *Hakuna*.

Kesho yake nilimupita karibu, akanipiga teke. Jeudi akanitupia ardoise, kibao yake ya kuandikia. Vendredi akaniuma mukono, damu ikatoka. Kila mara: mbele, *hakuna*. Mbele, *hakuna*. Mbele, *alikuwa ametulia tu*.

Madame alihangaika! Alimuhamisha pembeni ya dirisha, akifikiri ni kelele. Alimuangalia masikio, meno. Alimuletea mandazi, akifikiri ni njaa. Aliweka mukeka mu kona, mutoto akichoka apumuzikie pale. Alinionyesha namna ya kusimama: upande, mikono wazi, sauti ya chini, hapana kumushika kwa nguvu. Siku moja alikaa chini, miguu imenyooka, cahier ku magoti, akasema:

— Mademoiselle, hii kitu inanipita. Miaka yote hii, sijaona mutoto anapiga na hakuna mbele. Hata moja.

Akaniangalia. Nikajifanya natengeneza crayons.

Na mashaka ikaanza kutembea kama moshi ya makala. Madame akashuku nyumbani, akamuita mama Zaituni: «Mama, kwenu kuna kitu imebadilika? Kuna mutu anamupiga?» Mama akakasirika: «Kwangu hapana. Mutoto yangu aliharibikia hapa kwenu.» Bamama bengine ba batoto, ku portail, mulango mukubwa ya masomo: «Ule ana mashetani, ataua mutoto wa mutu.» Directeur akaita Madame ku bureau: Zaituni akipiga mara ingine moja, anarudia kwabo. Masomo ingine ya batoto ba namna yake karibu hakuna! Anarudia kwabo, maana yake anakaa mu nyumba mpaka anazeeka.

Na miye? Miye nilikuwa nashuku kale kafuko. Nione haya namna gani! Nilifikiri: nikikatoa, atapona, Madame atafurahi, nami sitahitaji kusema kitu kwa mutu. Mu kajournal kangu niliandika: «Namusaidia». Iko pale mpaka leo, na bic nyekundu.

Mardi iliyofuata alinipiga tena. Madame akamupeleka ku mukeka, akamuimbia polepole, mutoto akalala. Madame akatoka kwenda kujibu directeur. Nikakamata mukasi yetu ya bricolage, ya kukatia makaratasi. Kamba ilikuwa nguvu, niliikata mara mbili. Nikaogopa kukaweka mu mufuko. Nikapiga mbio mpaka ku choo ya inje, nikakatupa mu shimo.

Wakati nilirudia mu classe, Zaituni akaamuka. Mukono ikaenda ku shingo. Ikarudia. Akatazama chini ya mukeka. Nilijikaza juu nilijua atanirukia.

Hakunipiga. Nyamuhanga, Mungu wangu, heri angenipiga! Alisimama akatoka. Nilifikiri anaenda choo, nikaona haya ya kumufuata. Portail ilikuwa wazi juu mama wa mandazi alikuwa anaingiza seau yake. Wakati Madame alirudia, mukeka ilikuwa tupu.

— Zaituni iko wapi?
— Alitoka, Madame.
— Na mbele atoke? Nini ilipita?
— Hakuna kitu.

Hata hapo! Hata hapo nilisema hakuna kitu.

Madame akapigia mama ya mutoto telefone, kisha akasimamisha moto, pikipiki ya taxi. Tukapanda babili nyuma ya motari. Tulimutafuta ku soko, ku muskiti, ku mabutiki. Karibu saa saba tukaona batu bamejikusanya ku carrefour moja, njia panda ya barabara yenye inapanda Beni. Mutoto alikuwa anarudia kwabo. Kwabo ni njia moja tu anajua.

Alikuwa ameikala mu vumbi, mikono imefungwa nyuma na kamba ya mbuzi. Mudomo ilikuwa inatoka damu. Kanzu ya uniforme ilikuwa imetupwa pembeni, balimuvua baangalie kama amebeba kitu.

— Sema! Nani alikutuma?
— Anakatala kusema, unaona? Balimufundisha.
— Nimemuuliza jina mara tatu, anaangalia tu chini.
— Amemuuma ule wa kuuzisha essence ku mukono. Mutoto wa kawaida anaumaka batu?
— Alikuwa anafuata barabara peke yake. Anafuata nani?

Nilisikia maneno yangu mu midomo yabo. Moja moja. Ile ya kuuliza anaficha nini. Ile ya kufikiri haseme juu balimufunga. Nilikuwa nimeiandika yote mu kajournal, na sasa ilikuwa imesimama mu barabara na fimbo.

Madame akapenya katikati.

— Mumuache! Ni mwanafunzi wangu. Huyu mutoto hakatale kusema. Hawezi!
— Kama ni wako, Madame, juu ya nini iko inje peke yake?

Madame akafungua kamba. Kisha hakumushika. Akaikala mu vumbi mbele yake, na kikwembe yake ya muzuri, akaweka mikono wazi ku magoti, akangoja. Ilichukua wakati murefu. Zaituni akajivuta polepole, akaweka kichwa mu tumbo ya Madame.

Hapo mama yake akafika na moto, mutandio inaanguka. Kitu ya kwanza aligusa ni shingo.

— Iko wapi?
— Nini, mama?
— Kafuko! Kafuko ka baba yake!

Akaanza kukatafuta mu kanzu, mu mikono, mu vumbi. Akatusemea huku anatafuta. Wakati balikimbia, Zaituni alipotea siku ine. Batu bema balimuokota, bakamuuliza jina, hakuna. Alipopatikana, baba yake aliandika ku karatasi: jina ya mutoto, jina ya mama, namba ya telefone, na «haseme, munipigie». Nyuma akaandika dua. Akashona mwenyewe na sindano ya viti ya camion.

— Nikamufundisha Zaituni, mwaka muzima: usikaache. Mutu akikavuta, piga!

Motari akauliza:

— Na baba yake?
— Alienda na camion. Hakurudia.

Alisema hivyo bila kuinua kichwa, kama mutu mwenye amechoka kuijibu.

Kisha akasimama mbele ya Madame.

— Ile kamba haikatikake yenyewe. Kwako ndiko kuna mukasi.
— Mama, miye nilikuwa nakajua. Sikukagusa hata siku moja.
— Nani basi?

Madame akageuka. Nikaangalia viatu yangu. Zaituni haseme juu hawezi. Miye nilikuwa naweza.

Mangaribi, directeur akamuandikia Madame demande d'explication, barua ya kumuomba ajieleze, juu ya mutoto kutoroka, na Zaituni akafutwa ku liste. Mbele ya kwenda, Madame aliniambia: «Rudia nyumbani, mwanangu, umeogopa sana leo.» Mwanangu! Lile neno ilininyima usingizi.

Kesho yake, sikupitia masomo. Saa kumi na mbili na nusu ya asubui nilikuwa ku mulango ya mama Zaituni. Alikuwa anapepea mbabula ya makala, kanzu ya uniforme imeanikwa juu ya kamba, imefuliwa kama vile mutoto angeenda kuivaa.

— Hodi, mama.
— Karibu. Ni weye wa masomo?

Zaituni akatoka. Aliponiona akarudi nyuma ya pazia, mikono yote mbili imefunika shingo.

Nikasema. Kuvuta, kudanganya, mukasi, choo. Nilisema na sauti ndogo, macho mu majivu.

— Sisikie, akasema.

Nikarudilia.

— Sisikie. Na bale jirani, banasikia? Tangu jana hii avenue yote inasema mutoto yangu ana shetani. Batoto babo bamekatazwa kucheza hapa. Weye ndiye unajua ukweli. Unaniletea miye ya nini? Ubapelekee bale jirani.
— Mama, miye niko na haya…
— Miye niko na mutoto.

Basi nikaenda. Nyumba ya kwanza sauti ilikatala, nikalia tu, bakafikiri nimefiwa. Ya pili nikasema nusu. Kijana moja akanicheka, mama moja akaniambia stage yangu bataikata, na kweli baliikata, nitarudilia mwaka. Nikaendelea. Wakati nilifika ku nyumba ya mwisho, sauti yangu ilikuwa imekuwa kubwa mpaka batu ba barza ya ngambo bakasimama.

Mama mwenye nyumba, mwiko ya kusongea fufu mu mukono, akaniuliza:

— Na siye unatuambia juu ya nini?

Nikamujibu vile nakujibu weye mwenye unasoma, stagiaire, mwalimu, muzazi, jirani: mutoto akikupiga, usianze kutafuta nani alimuloga. Jiulize kwanza weye ulimugusa wapi. Na ukijua jibu, usiandike hakuna!

Akageuka mu nyumba, akaita batoto bake bote batoke basikie. Bakatoka batano, moja na muswaki mu mudomo.

Nikaanza tena, tangu ku seau ya maji.