Gumba la Kinyozi

Kinyozi wetu anasomea mtihani wa leseni ya redio ya mawasiliano, ngazi ya wanaoanza. Kitabu amekiegemeza kwenye kioo. Mkasi ukikata, midomo yake nayo inakariri. Zamani ukifungua mdomo tu, anakudakia. Sasa amesoma kwamba kabla hujabonyeza kitufe useme, sikiliza kwanza kama kuna mtu hewani. Basi akitaka kusema, gumba lake hubonyeza kitana. Ukisema wewe, hukiachia. Juzi mkewe alileta chai, akasimulia ugomvi wa dada zake mpaka mwisho. Kinyozi kimya, gumba juu. Alipopita kwenye kiti changu, mke akaninong'oneza, "Shemeji, mwombee afeli, aanze kusoma upya."