Ikipata Joto Inanyamaza

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, Tata alifariki na shida ikaingia kwetu Songambele bila hodi. Tata ndiye baba, kwa msiojua lugha yetu. Alituachia migomba, mibuni michache na redio.

Enzi zetu redio haikuwa kitu cha kutupwa kitandani kama simu zenu. Ilikaa juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na betri zikichoka tulizianika juani pamoja na kahawa. Jioni majirani walikuja na viti vyao kusikiliza taarifa ya habari. Sisi watoto tulitoka kwenye mpira wetu wa majani makavu ya migomba, vumbi hadi magotini, tukabanana mlangoni kimya. Ukikohoa wakati wa matangazo ya vifo, unapigwa kofi na mzee yeyote aliye karibu, hata asiyejua jina lako.

Redio yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ikipata joto inanyamaza.

Mama aliamua kuiuza. Tulihitaji jembe, na mimi nilihitaji sare, maana kaptura ilikuwa imechanika nyuma na mwalimu mkuu amesema nisirudi vile. Nilikuwa darasa la nne na shule nilikuwa naipenda, msinione hivi.

Mnunuzi alikuwa Mzee Saidi, mwenye duka la vitambaa, ambaye wazee wake walitoka pwani. Asubuhi ile nikajiona mjanja. Nilianika betri, nikaipaka redio rangi ya viatu, nikaisugua hadi ikang'aa kama kiatu cha padri. Nilipanga asikilize kidogo, alipe, aondoke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inasema vizuri?"

"Nzima kabisa. Haijaugua hata siku moja."

Lakini kwetu mgeni hanunui kitu akiwa amesimama. Anakaa, anatafuna kahawa kwanza. Mama akaweka kisahani cha akamwani, zile buni za kuchemshwa na kukaushwa, akawasha redio. Mzee Saidi akatafuna polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Redio inasema, jasho linanitoka.

"Mzee, jua litakukuta njiani," nikasema.

Mama akanitazama, akaitazama ile rangi ya viatu. Akaelewa.

"Mzee, redio hii ina ugonjwa," akasema. "Ikipata joto inanyamaza. Ipige ubavuni, huku kushoto, si kwa nguvu."

Mzee Saidi akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Mama, unauza au unanifukuza?"

"Nauza. Ila sitaki unitaje vibaya ukiwa kwako."

Bei ikashuka, na sare yangu ikashuka nayo. Tulipata jembe na chumvi. Shule yangu iliishia pale. Nilimnunia mama msimu mzima wa senene, wale panzi wa kuliwa; nikikamata wangu, nawakaanga na kula peke yangu.

Nilipokua nikaanza kununua redio mbovu, kuzifungua na kujifunza humo humo, kisha kuzitembeza kwa baiskeli minadani hadi Rugera. Watu walizigeuzageuza, wakazirudisha chini. Kijana asiye na duka, nani amwamini? Siku moja Mzee Saidi, mvi tupu, alinikuta nimekaa na mali yangu yote, hata mteja mmoja sina.

"Jamani, huyu ni mtoto wa yule mama wa redio!" akapaza sauti. "Mwulizeni ugonjwa, atawaambia." Kisha akaniinamia. "Au mama yako umemwacha nyumbani?"

Watu wakacheka, wakanisogelea. Mmoja akanyanyua redio, akauliza ikoje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema nzima kabisa. Nikaufunga.

"Inashika stesheni moja tu," nikasema. "Na kitufe cha sauti kinakwaruza."

Akainunua pale pale. Jioni nilimpelekea mama sukari kilo nzima.

Siku hizi vijana wa Rubwera, ninapofanyia ufundi, wanauza vitu vya zamani kwenye simu. Picha inang'aa, chini yake wameandika iko poa, haina shida. Juzi mmoja wao alinishauri niondoe vikaratasi ninavyofunga kwenye redio zangu, vinavyotaja ugonjwa wa kila moja. "Mzee, unajiharibia soko." Nikamwambia vikaratasi hivyo ndivyo vilivyojenga ukuta anaouegemea. Sisi tulitafuna kahawa pamoja mpaka kitu kipate joto, kionyeshe tabia yake. Picha haipati joto.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, ekari tatu za migomba na kahawa, pikipiki moja, kibanda cha ufundi Rubwera, na redio kumi na nne za zamani. Mbili kati ya hizo ni bubu, na zimeandikwa hivyo.

Na redio ya Tata. Mzee Saidi alipozeeka sana aliniuzia mwenyewe. Aliitoa kwenye kitambaa, akaniambia bila hata kutabasamu: "Ikipata joto inanyamaza. Ipige ubavuni, huku kushoto, si kwa nguvu."

Hiyo siuzi.