Wimbo Niliouimba Bila Nekesa

Nakumbuka siku niliyopeleka kanda yangu Tongaren, mwanangu, nimevaa viatu vya visigino katika matope ya msimu wa kupalilia mahindi. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na wakati huo mimi nilikuwa na moshi mwingi kweli kweli.

Nilikuwa naimba muziki wa soul katika hoteli moja ya Kitale kila Jumamosi, na watu walipanda gari kutoka Bungoma kuja kunisikia. Usicheke. Bibi huyu unayemwona akitafuna karanga kwa upande mmoja wa mdomo aliwahi kupigiwa makofi na watu waliosimama wima. Basi mwenye studio akaniambia tutoe albamu ya nyimbo za watu: nyimbo nane za zamani za huku kwetu, niziimbe upya kwa mtindo wangu, kwa gitaa na kinanda.

Wa tano ulikuwa wimbo wa Mzee Simiyu wa Tongaren, mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi saba. Ukitaka wimbo wa mpiga litungu huendi mikono mitupu. Nilimpelekea sukari, majani chai na jogoo, akaniimbia wimbo wote mara mbili, kisha akanitemea mate kidogo viganjani, maana ndivyo wazee wetu wanavyobariki.

Aliutunga kwa ajili ya mkewe, Nekesa, aliyefariki zamani. Katikati ya wimbo mzee aliacha kuimba, akawa anasema tu huku vidole vikiendelea na nyuzi: Nekesa, binti ya nani, wa ukoo gani, aliyechota maji mto upi. Hapo ndipo nilipoharibu. Kule studio niliona maneno hayo yanakata utamu. Nikayatoa yote, nikaweka badala yake "oo, mpenzi" mara nne, na sauti nikaipandisha mpaka fundi wa mitambo akafumba macho. Mzee sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilijiona nimeshapewa baraka, imetosha.

Kwa hiyo siku ile niliitia kanda katika redio yake ya betri nikiwa na fahari tele. Alisikiliza akitabasamu. Wimbo ulipofika katikati aliinua mkono, akatulia, kama mtu anayengoja mgeni aingie. "Oo, mpenzi" zikapita zote nne. Wimbo ukaisha, na mkono wake bado uko juu.

"Nekesa ako wapi?" akauliza.

"Kuka," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita babu, "hiyo sehemu ya majina ilikuwa inakata mziki. Si wimbo bado ni ile ile?"

Hakukasirika. Afadhali angenichapa.

"Sikia, mama. Huyo alikufa tukiwa kwa shamba ya mzungu, huko Kitale. Tukamzika hapo. Tulipopewa hii shamba ya Tongaren tukahama, na trekta ikalima juu yake. Picha sina. Mtoto hakuacha, sasa ni nani ataitwa Nekesa? Nikaona, wacha nimweke kwa wimbo. Na wewe umemtoa."

Unajua mila yetu, mwanangu: aliyekufa huitwa tena katika mjukuu wake. Nekesa hakuwa na mjukuu. Alikuwa na wimbo huo tu, nami nilikuwa nimemfuta kwa sababu ya maringo ya sauti yangu.

Niliondoka pale nikilia, wala sioni haya kukwambia. Siku hiyo hiyo nilirudi Kitale kumwomba mwenye studio turekodi upya.

"Ati upya?" akasema. "Dada, kanda zilienda Bungoma jana. Saa hii zinalia kila duka, bana."

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo kila nilipouimba wimbo ule niliyasema majina yote, bila kuruka hata moja. Mzee aliishi miaka michache zaidi, nikawa naenda kumwimbia, na akanisamehe; najua kwa sababu aliniambia kwa kinywa chake. Lakini watu walikuwa wameshajifunza kutoka kwenye kanda. Mwaka huu nilialikwa harusi Bungoma, vijana wakaupiga wimbo huo, ukumbi mzima ukaitikia "oo, mpenzi". Nikapaza sauti peke yangu nikimtaja Nekesa na baba yake na mto wake. Msichana mmoja akanishika bega kwa upole, akaniita bibi kwa lugha yetu, akasema, "Pole, kukhu, umesahau maneno."

Nasikia nawe umeingia studio Kitale kurekodi nyimbo za wazee. Sikukatazi, maana wimbo usioimbwa hufa. Badilisha ala, pandisha sauti upendavyo, huo ni ujana wako na ni haki yako. Lakini kabla hujakata neno hata moja, mrudie mwenye wimbo, na kama hayupo watafute watu wake, uulize neno hilo limembeba nani. Baraka uliyopewa ni ya kuimba, si ya kufuta. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshakuwa mtu mzima na bado anaishi nyumbani kwangu.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akutunzie koo lako, akupe pumzi ndefu na masikio marefu zaidi. Na siku wengine watakapoziimba nyimbo zako, akujalie waimbaji wanaouliza.