Ilimba ya Jonas Ilipofika kwa Fundi

Ukipita Mwenge kwenye vinyago, utamsikia Fakihi, fundi wa kalimba, kabla hujamwona. Anamuuliza mteja swali moja tu: unataka ya kujiliwaza au ya kuwapigia watu? Kisha anaanza somo. Kalimba, zile njiti za chuma zinazopigwa kwa dole gumba, ikiwa ya ubao mtupu sauti yake ni kavu na fupi, inasema neno moja na kunyamaza. Ya boksi la mninga inavuma, neno linabaki hewani. Ya kifuu cha nazi inaguna chini kwa chini, kama mzee aliyeamshwa kabla ya muda wake. Zile za plastiki angavu zinazotoka China yeye hazigusi kabisa. Anasema ni vijiko vilivyoangukia sinki. Mmakonde huyu wa Newala hana haya akishaanza kuisifia kazi yake.

Lakini kalimba zake zote ziko sawa kwa jambo moja: zimenyooka. Fakihi huweka mezani simu yenye programu ya kupimia sauti, anapiga njiti ya chuma, anaisukuma kidogo kidogo mpaka taa ya kijani iwake kwenye kioo cha simu. Wageni wanapenda kuzikuta nyimbo zao humo, na inayokwaruza hurudishwa siku hiyohiyo.

Meza ya jirani ilikuwa ya Jonas, Mgogo wa Mpwapwa, mchonga miiko. Jonas hakuuza kalimba. Alikuwa na ilimba moja tu, kalimba kubwa ya Kigogo, pana kama sinia, aliyoachiwa na baba yake. Tundu lake alilifunika kwa utando wa buibui, hivyo kila njiti ilipolia utando nao ulitetema na kuvuma. Na sauti za njiti zenyewe zilikaa mahali pasipo na jina. Ukiiwekea simu, taa inabaki nyekundu. Jambo hilo lilimkera Fakihi miaka yote.

"Kaka, nipe hiyo niinyooshe. Mie sitaki hata soda yako."

"Nyoosha kichwa chako," Jonas alijibu huku akicheka. "Hii imenyooka toka kwa baba."

Fakihi alicheka naye, kisha akapandisha redio.

Masika yaliyopita kiharusi kilimwangusha Jonas palepale mezani, juu ya ilimba. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakagoma kutoka. Akarudishwa nyumbani Pugu, akawa mtu wa kulala akitazama mabati. Mkewe Editha akaja Mwenge na ilimba ndani ya khanga, njiti zimelegea na ubao umeachia.

"Shemeji, dole gumba la kushoto bado linacheza," alisema. "Kutwa nzima linacheza juu ya shuka, na mie najua linatafuta nini. Mtengenezee, aongee."

Nani angekataa? Fakihi hakuwahi kuipenda kazi kama alivyoipenda ile. Aliacha oda za watu. Aling'oa njiti zote, akazisugua kutu, akaugundisha ubao, akautupa ule utando uliochanika. Aliporudisha njiti akaweka simu mezani kama kawaida, akazisukuma moja moja mpaka kijani. Alitabasamu peke yake. Safari hii mwenyewe hakuwepo wa kumkatalia, na Fakihi aliona anampa rafiki yake kitu ambacho ubishi ulimnyima siku zote.

Jumapili akaipeleka Pugu. Editha alimwegemeza mumewe kwenye mito, akamwekea ilimba mapajani. Uso wa Jonas ulichangamka. Dole likaigusa njiti ya katikati, ikalia safi na ndefu. Akagusa ya pili. Ya tatu. Akarudi ya kwanza, kichwa amekiinamisha, kama mtu aliyebisha hodi kwake mwenyewe akafunguliwa na mgeni. Kisha dole likasimama.

"Siyo yake," Editha alisema. "Shemeji, hii sauti siyo yake. Irudishe kama ilivyokuwa."

Ndipo Fakihi alipoanza kuitafuta ile sauti ya zamani. Simu yake ilijaa video za kalimba, zote za kazi yake mwenyewe. Akatafuta kichwani, na huko nako hakupata hata njiti moja. Miaka yote aliyokaa jirani na sauti ile, alichosikia ni kosa lililosubiri kusahihishwa. Aliyeijua alikuwa mbele yake, na maneno yalikuwa yamemgomea. 

Akapiga magoti kando ya kitanda. Akaisukuma njiti ya katikati, akaipiga.

"Hapa, kaka? Kama ndipo, fumba macho."

Jonas hakufumba.

Akaishusha. "Hapa?" Akaipandisha. "Basi hapa?" Jasho lilimtoka. Kila aliposukuma, masikio yake yaliirudisha njiti kulekule yalikozoea, kwenye kijani.

Mkono wa kushoto wa Jonas uliinuka. Fakihi alishusha pumzi, akidhani sasa anaonyeshwa. Kiganja kikashuka taratibu, kikalala juu ya njiti zote, kikabaki hapo. Fakihi akapiga njiti moja tena, na chini ya kiganja kile haikutoka sauti.