Mama Povu na Eleroni za Kushoto na Kulia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlango mkubwa wa karakana umefunguliwa nusu, na mwanga unaingia taratibu mpaka chini ya bawa la ndege ndogo ya viti vinne. Chini ya bawa hilo yupo mwanamke aliyevaa buti za mpira, sponji mkononi. Wenzake wanamwita Mama Povu.

Anaosha huku akinong'ona. Karibu na ncha ya bawa anagusa kibao kilichoshikiliwa kwa bawaba. "Eleroni. Wewe ndiye unayeilaza ndege ubavu." Anasogea upande wa mwili wa ndege. "Flapu. Wewe unashuka pamoja na mwenzako, ndege itue bila haraka." Mkiani anamalizia: "Eleveta, pua juu, pua chini. Usukani, pua kushoto, pua kulia."

Saa tatu fundi mkuu atamhoji. Akifaulu, Jumatatu anaanza uanagenzi wa ufundi. Akishindwa, basi tena. Mwezi ujao anatimiza miaka thelathini na mitano, na karakana haipokei mwanagenzi wa umri huo.

Elimu yake ilianza kwa hofu. Miaka minne iliyopita, katika wiki yake ya kwanza kazini, alisukuma eleroni chini kwa sponji, akaona ile ya bawa la pili inainuka yenyewe.

"Nikajua nimevunja ndege ya watu," anasema. "Siku ya tatu nikamfuata fundi wa zamu, nikamwambia, kaka, nifukuze tu yaishe."

Fundi huyo, anayefunga gurudumu hapo pembeni, anacheka. "Nikamwambia, dada, hizo ni pacha. Moja ikishuka, nyingine lazima ipande, ndiyo ndege inalala na kukata kona. Tangu siku hiyo sipumui kwa maswali yake. Hii nini? Ile ya nini?"

Nyumbani alikata boksi la sabuni akaunda ndege yenye vibao vinavyosogea. Usiku hulala kifudifudi, mikono ameitandaza, anajiona juu ya mawingu, akiinamisha kiganja kimoja na kuinua kingine. "Mume wangu alishapigwa kofi la eleroni," anasema. "Akaniuliza, mama watoto, tunatua lini?"

Hajawahi kupanda ndege.

Saa tatu inafika. Fundi mkuu, mzee wa maneno machache, anaitikia shikamoo yake na kuketi kwenye kiti cha rubani. Anashika mpini wa kuongozea.

"Nikivuta nyuma?"

"Eleveta zinapanda. Mkia unasukumwa chini, pua inatazama juu."

"Nikipeleka kushoto?"

"Eleroni ya kushoto inapanda, ya kulia inashuka. Ndege inalalia kushoto."

Mzee anashuka. "Sasa niambie kitu ambacho sijakuuliza."

Fundi wa zamu ameacha kufunga gurudumu. Mama Povu anachuchumaa chini ya eleroni na kupitisha kidole.

"Hapa kuna vitundu vya kutolea maji, mzee. Nyigu huviziba kwa udongo. Maji yakibaki ndani, eleroni inakuwa nzito nyuma, na ndege ikishika kasi inaweza kuanza kutetemeka. Kila nikiosha nazibua kwa njiti."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliona maji yanadondoka upande mmoja, upande wa pili hayadondoki."

Mzee anainama na kuchungulia kitundu kimoja baada ya kingine. Vyote viko wazi.

"Jumatatu, saa moja," anasema akinyooka. "Na njiti zako uje nazo."

Mzee anapoondoka, Mama Povu anasimama kando ya ndoo na kutazama anga nje ya mlango.

"Ipo siku nitakaa dirishani, nyuma kidogo ya bawa," anasema. "Mawingu watatazama wengine. Mimi nataka kuiona eleroni ikipanda, halafu nisikie mwili wangu unalalia upande uleule."

Kisha anachukua sponji. Bawa la kulia bado lina povu.