Jina Nililoliruka

Mama mkwe wangu alikuwa akimeza miisho ya maneno. Ugonjwa ulimvuta mdomo upande mmoja, na tangu hapo neno lilianza vizuri, likifika katikati linazama. Akitaka maji ungesikia "ma", basi. Tulimwelewa tu.

Hapo nyumbani Bungoma yeye ndiye aliyeita majina. Kwetu mtoto mchanga akilia siku nyingi na si mgonjwa, mzee huitwa amtajie waliokufa wa ukoo, mmoja mmoja. Jina linalomnyamazisha ndilo lake. Kubatizwa atabatizwa baadaye.

Sikuwa nimemaliza mwaka tangu niolewe. Siku moja alikuwa ametoka kumwitia majina mtoto wa jirani, nasi tuko jikoni tunachambua mrenda. Nikapinda mdomo nikamwigiza, kila jina nikilikata katikati. Wifi zangu walicheka, mmoja akamwaga mboga. "Wewe bibi arusi una dhambi," akasema. "Hebu tena." Nikarudia. Kuinua kichwa, mama mkwe yuko mlangoni ameshika kikombe. Alijitekea maji mwenyewe akaondoka.

Hakuita majina tena. Mtoto aliyefuata alipolia, aliketi karibu nami akaninong'onezea, mimi nikatamka. Hivyo hivyo, mtoto baada ya mtoto, mpaka nikayashika yote. Watu wakanisifu, ati aliishia darasa la tatu lakini ana kichwa. Yote ninayo hadi leo. Msamaha sikumwomba. Nilisema kesho, na kesho ikawa siku ya kumzika.

Tangu azikwe, jina lake nililiruka. Wasichana wengi wamelia mikononi mwangu. Nikifika kwake moyo unakataa, naruka kama mtu anayeruka tope. Ndiyo maana hakuwa na wajina hata mmoja katika ukoo mzima, na hakuna aliyejua ni mimi.

Mwaka jana mjukuu wangu aliye Kitale alijifungua msichana. Mtoto akalia wiki nzima. Hospitali walisema hana kitu, basi nikaitwa. Siku hizi meno ya mbele sina, pumzi nayo ni fupi, na miisho ya maneno yangu imeanza kuanguka. Nikaita majina. Mtoto analia tu.

"Kukhu, yameisha?" mjukuu akaniuliza, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Yameisha," nikasema. Nilidanganya na mtoto yuko mapajani mwangu.

Kando ya kochi, dada wa huyo mchanga, mwenye miaka saba, alikuwa amepinda mdomo, ananiigiza. Alinipata vizuri sana.

"Si utachapwa wewe," mama yake akamwambia. "Unacheka kukhu?"

"Mwache," nikasema. "Mimi nilifanya zaidi."

Ndipo nikalitaja. Mwisho wake ulinizamia kooni. Mtoto akashusha pumzi mara mbili, akanyamaza.

"Huyo alikuwa nani?" mjukuu akauliza. "Mbona hujawahi kumtaja?"

Nikawaambia yote, na ile ya jikoni pia, yule wa miaka saba akisikiliza. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Sasa mtoto anatambaa. Nikimwita, jina halifiki mwisho, lakini anageuka na kunijia. Mimi ndiye hutazama chini.