Mchezo wa Yuko Wapi

Winifred aliishia darasa la saba, huko Karagwe wazazi wake walikokimbilia, na hakuwahi kuota kwamba siku moja angeitwa mwalimu. Lakini mwisho wa mwaka ule wa tisini na nne, alipokuwa amerudi nchi ya wazazi wake na shule ya Kagarama imefunguliwa tena, walimu waliobaki walikuwa watatu tu. Alikwenda kuomba kazi ya kufagia, mwanawe Kenny mgongoni. Mzee Libère, mkuu wa shule, akamtazama kidogo.

"Wewe iko najua luga gani?"

"Kinyarwanda na Kiswahili, mzee."

"Basi fundisha Kiswahili. Fagio itangoja."

Watoto walikuwa tisini na watatu, nafasi za kukaa arobaini. Waliotoka Uganda walibanana na wa Uganda, waliotoka Burundi na wa Burundi. Wale ambao hawakutoka popote, waliokuwapo hapahapa Aprili ile ya mauaji, wakajificha wakapona, walikaa karibu na mlango. Hao hawakupiga kelele. Winifred, aliyekaukiwa na sauti kwa kuwanyamazisha wengine, alidhani ni adabu.

Ujanja aliupata kidogo kidogo. Aligundua kwamba akinong'ona, tisini wote hunyamaza ili wasikie. Na kwamba safu zikipewa majina ya wanyama, simba hawakubali kushindwa na twiga. Akakumbuka pia mchezo wa utotoni Karagwe: watano wanajificha, wengine wanawatafuta, na kila anayeonekana, darasa zima linasema alipo.

Darasa likachangamka.

"Yuko nyuma ya mlango."

"Yuko chini ya meza," mtundu mmoja wa Kampala akaongeza, "anamalizia muhindi wa mwalimu."

Walicheka mpaka Kenny, mgongoni mwa mama yake, naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Wanne walionekana. Wa tano, Kamikazi, msichana wa miaka minane wa kule mlangoni, hakuonekana. Winifred mwenyewe ndiye aliyemchagua, angalau naye achangamke.

Walimtafuta chooni, jikoni, kwenye ua. Winifred akaita kwa sauti ileile anayombembelezea Kenny: "Kamikazi, mwanangu, mchezo umekwisha. Toka, hakuna kitu." Akaita tena, na tena. Mtoto wa watu, aliyebakiwa na shangazi mmoja tu duniani, amempoteza kwa mchezo.

Mutesi, aliyekaa dawati moja na Kamikazi, akamvuta kitenge.

"Mwalimu, usimwite. Ukimwita hatoki."

"Sasa nifanyeje?"

"Fundisha tu."

Akawarudisha ndani, akafundisha. Kitabu kiko wapi? Kiko juu ya meza. Kalamu iko wapi? Iko ndani ya mfuko. Watoto wakaitikia, naye kila alipotamka nyuma, chini, ndani, alihisi mahali hapo pana mtu, ametulia, amebana pumzi, na hatatoka kamwe. Alitamani kuacha maneno hayo. Hakuacha.

Kwenye kona, madawati mabovu yalikuwa yamerundikwa hadi karibu na dari. Mguu mmoja wa dawati ukasogea. Kamikazi akateleza kutoka humo, vumbi kichwani, akaenda kuketi kwa Mutesi, akaitikia na wenzake: iko ndani ya mfuko. Muda wote alikuwa humo humo darasani.

Wengine walipokwisha kwenda nyumbani, Winifred akapiga magoti, akampangusa vumbi kwa ncha ya kitenge.

"Ulinisikia nikikuita?"

"Ndiyo."

"Nilikuita kwa upole, mama. Mbona hukutoka?"

Kamikazi akamtazama bila kinyongo, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Na wale wa Aprili waliita kwa upole."

Tangu siku hiyo Winifred hakumwita tena mtoto asiyemwona. Akimhitaji, alijipenyeza kati ya madawati, akiruka miguu na mabegi, hadi alipo. Akasimama mbele yake, uso wake uonekane wote, ndipo akasema.